Safari ya Lushoto imeiva, mama watoto kagoma

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni baba wa watoto wawili, fundi umeme, naishi Ngamiani hapa hapa Tanga. Nina marafiki wanne tuliocheza chandimu pamoja tangu enzi za madrasa. Sasa kila mtu ana pikipiki yake na, isipokuwa mmoja, kila mtu ana mke wake. Tukikaa barazani maneno ni yale yale: lini tutapanda milima? Mwaka huu tumesema basi, tunakwenda Lushoto. Pikipiki tano, watu kumi, kila mtu na wake nyuma.

Mpango wenyewe ni huu. Tunatoka Jumamosi moja katikati ya mwezi wa 4, saa 8 mchana, kila mtu akishafunga kazi. Tunapita Muheza, Segera, Korogwe, Mombo, halafu tunaanza kupanda. Mwenzetu mmoja ana pikipiki kubwa ya cc 250, kainunua majuzi, hatulali kwa sifa zake. Anasema saa tatu tu tumefika kama hakuna kusimamasimama, na yeye ndiye atakayetangulia. Tunalala Lushoto, Jumapili asubuhi tunakwenda Irente kupiga picha pale kwenye jabali, mchana tunashuka, na tukipata nafasi tunapinda Muheza kwenda kuona Amani kabla ya kuingia Tanga usiku. Jumatatu kila mtu kazini.

Nilipomwambia mke wangu mara ya kwanza alifurahi. Akauliza kule kuna baridi kiasi gani, akaenda kutoa sweta la zamani kabatini. Siku rafiki zangu walipokuja nyumbani kupanga, yeye ndiye aliyetuletea kahawa na kashata. Alisikiliza, hakusema neno. Usiku ule akaniambia: "Baba watoto, nendeni nyinyi wanaume. Mimi sina mgongo wa kufungwa kama gunia la mkaa." Toka hapo nikigusia safari anageuza mazungumzo. Nimemwahidi jaketi jipya, kimya. Nimemwambia wenzake wote wanakwenda, akaniuliza, "Umewauliza?" Nikakosa jibu.

Labda niseme pia kwamba mwaka jana tulikwenda harusini Pongwe kwa pikipiki, na wakati wa kushuka akaungua mguu kwa ekzosi. Kilikuwa kidonda kidogo, kilipona, imebaki alama tu. Sidhani kama ndiyo sababu.

Kuna na mengine. Shemeji yangu mmoja ana mimba ya miezi mitano, na mumewe anasema mkewe kazoea bodaboda tangu zamani, hana neno. Rafiki mwingine ni dereva wa bodaboda, pikipiki yake ni ya mkataba, hajamaliza, na anasema tajiri hana haja ya kujua. Na huyo asiye na mke anataka kuja na msichana ambaye wake zetu hawataki hata kusikia jina lake.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga. Nikisema mke wangu haendi, wenzangu watacheka kwamba nimeshikwa. Nikienda bila yeye, najua nyumba nitaikutaje. Nifanyeje, Shangazi? Na kama una lolote la kusema kuhusu njia, nitalipokea.

Fundi, Ngamiani


Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako nikitafuta mstari mmoja tu: ule utakaosema umemuuliza mkeo anataka safari hii iweje. Sikuuona. Nimeona saa ya kuondoka, nimeona nani atatangulia, nimeona cc za pikipiki ya mwenzenu na picha za Irente. Wasafiri ni kumi, waliopanga ni watano, na mwanamke pekee aliyekuwapo siku ya kupanga alikuwa ameshika birika la kahawa.

Maneno aliyokwambia usiku ule umeyachukua kuwa ni kununa. Mimi nayaona ni maelezo kamili. Gunia la mkaa halinyooshi miguu, halisikii baridi, halitaki choo, na likishafungwa halina neno juu ya mwendo. Ratiba mliyoisoma mbele yake ilikuwa ya kusafirisha kitu cha namna hiyo. Mwanamke aliyefungua kabati kutoa sweta hakuikataa Lushoto. Alikataa alichowasikia mkikisema, kwa sauti, huku mkitafuna kashata zake.

Na la mguu, unasema hudhani kama ndiyo sababu. Mimi nadhani ni nusu ya sababu. Pikipiki nyingi za mjini kwetu bomba la moshi liko kulia. Abiria mwenye nguo ndefu akishukia kulia haoni anapokanyaga, kigimbi kinagusa chuma kilichochemka, basi. Wewe unaikumbuka harusi, yeye anaiona alama kila anapokoga. Na kumwonyesha mtu namna ya kushuka ni kazi ya dakika moja: unasimama, miguu yako miwili iko chini, umebana breki ya mbele, unamwambia "sasa", anakushika bega, anashukia kushoto. Kabla ya hilo neno hakuna anayeinua mguu. Kupanda nako ni hivyo hivyo.

Kwa hiyo kabla ya habari ya jaketi, kaa naye. Si mbele ya rafiki zako na si wakati anapika. Muulize anaogopa nini, anataka nini, watoto angependa wabaki na nani, mama yako au mama yake. Kisha nyamaza. Usimjibu kila neno kwa "hilo dogo". Akisema kupanda pikipiki mpaka Lushoto hataki kabisa, basi hataki. Yapo mabasi ya Tanga hadi Lushoto, mtakutana huko juu, na akipenda kukaa nyuma yako kwa matembezi ya huko huko tu, ni safari nzuri vile vile. Huko kuchekwa kwamba umeshikwa, wacha wacheke. Mume aliyeshikwa na mkewe ameshikwa na mwenyewe.

Halafu kikao kirudiwe, wote kumi, na safari hii kahawa mpike nyinyi. Mkeo alipokuuliza "umewauliza?" alikuwa anakupa habari. Wake zenu wana simu, na hayo mazungumzo wameshayamaliza zamani.

Sasa tuje kwenye njia. Ile barabara ya Mombo nimeipanda nyuma ya marehemu mume wangu, kwa hiyo ninayoyasema ni ya mtu wa siti ya nyuma, na ndiyo siti ambayo nyinyi mmeisahau.

Mwezi wa 4 ufuteni. Huo ni masika yenyewe. Mvua ya pwani unaweza kuikimbia chini ya mwembe ukaisubiri ipite, lakini kule mlimani inateremsha udongo na mawe mpaka barabarani, na ukungu unafunga kona mchana kweupe. Subirini masika yaishe vizuri. Mwezi wa 7 barabara ni kavu ila baridi yake sisi wa pwani hatuiwezi bila maandalizi. Mwezi wa 9 ni ahueni, kabla vuli haijaanza kugusa.

Saa 8 mchana nayo ifuteni. Hizo saa tatu za mwenye pikipiki kubwa ni hesabu ya mtu aliye peke yake na asiyekojoa. Kutoka hapa hadi Lushoto hakufiki kilometa 200, ni kweli, lakini kilometa hazilingani. Mkipanga saa 8, mtaondoka saa 9 kama watu wa Tanga tunavyoondoka, jua litawazamia kabla hamjaanza kupanda, na kipande kigumu kuliko vyote mtakipanda gizani mmechoka. Mombo hadi Lushoto ni kilometa 33 hivi tu, ila ndani yake mnapanda karibu meta 1,000. Ni lami, inapendeza, na ni kona juu ya kona: huku jabali, huku korongo, na malori ya mboga na mabasi yanashuka yakiwa yamekula nusu ya upande wenu. Hapo ndipo mnapotaka macho yenu na mwanga wa jua.

Ondokeni saa 1 asubuhi. Kwa vituo vyote nitakavyovitaja, mtakuwa Lushoto saa 8 mchana mkiwa bado mnaongea vizuri. Na msirudi kesho yake. Ule msemo wa Tanga, waja leo waondoka leo, ni wa kuwatania wageni, msiufanye ratiba. Laleni huko Jumamosi na Jumapili, Jumatatu asubuhi mshuke taratibu. Kama mtu hawezi kupoteza Jumatatu ya kazi, ni afadhali safari isogezwe hadi sikukuu inayoangukia Jumatatu au Ijumaa.

Vituo vipangwe kwa vyoo. Ndiyo, nimeandika vyoo. Nyinyi mnasimama popote penye shamba la mkonge, mambo yamekwisha. Mwanamke hawezi, na haya ya kuomba "nisimamishie" mbele ya wanaume wanne inamfanya asinywe maji tangu alfajiri, kisha mnashangaa kichwa kinamuuma akifika Korogwe. Mwenye kupanga, ambaye ni wewe, apite kwa simu au kwa mtu anayeijua njia akajue sheli ipi na mgahawa upi una choo kinachoingilika. Simameni kila baada ya dakika 45 au saa nzima kwa kuzidisha, pawe na mwenye haja au pasiwe, ili asiwepo wa kuomba.

Muheza mtasimama kwa machungwa, hilo halina ubishi, ila nunueni ya kula pale pale. Segera mkiingia njia kuu hali inabadilika: mnaungana na mabasi ya Dar es Salaam kwenda Moshi na Arusha, na basi likikupita kwa kasi upepo wake unaisukuma pikipiki. Waambieni wake zenu mapema kwamba mtikisiko ule utakuja, wasiruke. Korogwe ni chai nzito na supu, mkae mpaka migongo ipoe. Mombo ndiyo kituo cha maana kuliko vyote, na ndicho watu wanachokipita mbio. Joto la Mombo linamfanya mtu alione jaketi kuwa mzigo. Vaeni hapo hapo. Mpaka mfike juu hewa itakuwa imeshuka nyuzi 6 hivi, na upepo wa mwendo unaongeza, na pale katikati ya kona hakuna pa kusimama watu kumi kuvalishana masweta. Mkifika Soni tulieni tena, maporomoko yake yako karibu na barabara, na ni hapo abiria wengi wanapogundua kwamba mikono imewafa ganzi kwa kushika.

Kushika nako kuna elimu yake. Akushike kiuno au ashike kerea, si kukamata koti lako kwa vidole. Mlimani uzito wote unavutwa nyuma, kwa hiyo mkoba wa mgongoni hatakiwi kuuvaa yeye, maana utakuwa unamvuta kwa kilometa zote hizo 33. Mzigo ukae kwenye kerea, chini, umefungwa kwa mpira mzima, na uwe mdogo. Kwenye kona ya kushoto atazame juu ya bega lako la kushoto, ya kulia juu ya la kulia, mwili utafuata wenyewe. Abiria anayejipinda kinyume kwa woga ndiye anayemfanya dereva aikose kona, na woga huo hautoki kwa kumwambia "usiogope".

Unatoka kwa jambo moja ambalo nakuomba ulishike hata ukiyaacha yote: mpe mamlaka ya mwendo. Akikugonga bega mara moja, punguza. Mara mbili, tafuta pa kusimama. Huulizi kwa nini, hugeuzi kichwa, hucheki. Mara ya kwanza atakujaribu tu kuona kama utatii. Tii. Baada ya hapo utaona hata mikono yake kiunoni imelegea.

Nguo. Hapa naongea na mashemeji zako, uwasomee. Baibui na dera kwenye pikipiki ni hatari kwa sababu ya ncha, na hadithi za baibui kunaswa na cheni au spoki mnazijua, mji mzima tunazijua. Kukaa upande kwa safari ya namna hii pia hapana. Vaeni suruali pana chini, nguo ya juu iishie magotini, jaketi juu yake, viatu vya kufunika vidole na vinavyobana kisigino. Baibui likunjwe kwenye mkoba, mkishuka Korogwe kusali au kula mnajitanda. Kanga ya mabegani wekeni ndani ya jaketi, isipepee. Ushungi uwe wa kitambaa chepesi na usiwe na pini mahali helmeti inapokandamiza, maana baada ya nusu saa mtakuwa mnalia. Na helmeti zenyewe si zile za kuazima kijiweni zenye mkanda uliokatika. Ikikaa kichwani haichezi ukitikisa, na mkanda unafungwa chini ya kidevu. Sheria inamtaka abiria avae kama dereva. Ukiwa na fedha ya kitu kimoja kati ya jaketi jipya na helmeti inayomkaa mkeo, nunua helmeti na umwazime jaketi.

Pikipiki zenyewe mnazijua nyinyi, sitamfundisha fundi. Ila mwambieni fundi wa pikipiki akague mkiwa mmekaa wawili juu yake. Cheni inayoonekana sawa pikipiki ikiwa tupu inaweza kukaza kupita kiasi mkishakaa, na upepo wa tairi la nyuma unaomtosha mtu mmoja haumtoshi na wa pili. Tairi kipara libaki Tanga. Leseni, bima na taa, trafiki watawauliza kabla yangu.

Fanyeni jaribio. Jumapili moja nendeni Pangani na kurudi, wote, na nguo hizo hizo, helmeti hizo hizo. Pumzikeni Tongoni kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, mle samaki Pangani, mrudi kabla ya jua kuzama. Mkirudi, wake zenu ndio waseme kama safari ya Lushoto ipo. Mambo mengi mtayajua siku hiyo bila mlima: nani anakimbia, nani siti yake imekufa, nani hawezi kukaa saa nzima.

Kushuka kunatisha kuliko kupanda, na hili hamkuligusa kabisa. Msiachie fri. Najua vijana wanafanya hivyo kuokoa mafuta. Ukiwa na abiria kwenye mteremko mrefu, breki ukizikanyaga mfululizo zinachemka na kupoteza nguvu, hasa zile za ngoma za nyuma, na utalijua hilo kwenye kona ambayo ndani yake kuna lori. Shuka na gia ya pili au ya tatu, uiache injini ikushike, breki ziwe za kusaidia. Piga honi kabla ya kona usiyoiona. Na abiria asikuegemee, ajizuie kwa mapaja na kerea, la sivyo utashuka na uzito wa watu wawili kwenye viganja vyako.

Habari ya kutangulia. Anayetangulia ni mwenye pikipiki ndogo kuliko zote, huyo dereva wa bodaboda kama atakuwepo, na mwendo wake ndio mwendo wa wote. Mpangike kwa zigizaga, mmoja kulia kidogo, mwingine kushoto kidogo, si ubavu kwa ubavu. Kila mtu anamtazama wa nyuma yake kwenye kioo, asipomwona anapunguza, na kwenye kila njiapanda mnasubiriana. Kupita lori ni mmoja mmoja, kila mtu kwa macho yake mwenyewe. Mwenye cc 250 mpe spana, tyubu na pampu, umwambie ndiye pekee mwenye injini ya kumfikia yeyote atakayekwama, kwa hiyo anafunga msafara. Mwambie hivyo mbele ya mkewe. Atakubali, na atajisifu kwa kazi hiyo mpaka Lushoto.

Shemeji yako mjamzito hapandi. Si kwa sababu hajazoea. Bodaboda ya sokoni si safari ya mchana mzima, na tumbo la miezi mitano limeshaanza kuhamisha mizani ya mwili. Pikipiki ikiteleza hata ikiwa imesimama, kwa mwenzake ni mchubuko, kwake ni hospitali. Aulize kliniki kama basi linamfaa, maana zile kona hata ndani ya basi zinachafua tumbo. Likimfaa, aende na basi, mumewe akae naye siti moja, na mizigo yenu yote mkubwa na mdogo muwape wao. Hapo watakuwa wamewasaidia kuliko mngewabeba. Na huyo baba aache kumsemea "hana neno". Neno analo, hajaulizwa.

Wa mkataba aseme kwa tajiri. Hilo sina njia ya kulizunguka. Kadi ya pikipiki haiko kwa jina lake, siku tatu hizo hesabu haiingii, na likitokea lolote Soni atapoteza safari, pikipiki na miezi yote aliyokwisha kulipa. Tajiri akikubali, nyinyi wanne changeni hesabu ya siku hizo kimya kimya, mumpe mkononi, bila hotuba na bila kumwambia mkeo amwambie mkewe. Akikataa, naye kuna nafasi kwenye basi, na pikipiki zitakazobaki ni msafara tosha.

Msichana wa huyo wa tano waamue wake zenu. Wao ndio watakaolala naye chumba kimoja kama nyumba ya wageni itakuwa imejaa. Mimi simo.

Fedha andikeni kabla: mafuta kila mtu lake, chakula na malazi mfuko mmoja, na mshika mfuko awe mwanamke.

Mkifika, msiifanye Irente kuwa ya picha peke yake. Si mbali na mji, mnaweza kwenda kwa miguu asubuhi, na miguu itakuwa inalilia kutembea baada ya siku nzima ya siti. Pale jabalini mnaitazama Mazinde chini na tambarare inayoendelea mpaka macho yachoke. Karibu na hapo kuna shamba wanakotengeneza jibini na jamu. Wapeleke mkale pale mchana, na mchana huo msiulizane habari za cc.

Umeniuliza Amani kama kwa kupitia tu, jioni ya kurudi. Hapana. Amani kutoka Muheza ni mlima mwingine mzima, Usambara ya mashariki, na ukiiacha lami barabara ni ya vumbi yenye kona za kubana, ikinyesha inateleza. Huwezi kumpandisha mtu huko akiwa ameshashuka Mombo na kuvumilia mabasi ya Segera. Bustani ya miti ya Amani Wajerumani waliianzisha mwaka 1902, ipo na itaendelea kuwepo. Iwekeni siku yake peke yake, mkitoka Tanga asubuhi na kurudi jioni, na kabla ya kuondoka pigeni simu kwa mtu wa Muheza mumuulize jana yake kumenyesha au la.

Shangazi